Gitaa Jipya la Sura ya Kizamani

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya bendi tena. Chumba nyuma ya duka la mbolea, Migori. Joto la mabati. Mimi gitaa la ridhimu, Ouma besi, mume wangu Otieno solo. Leo kuna gitaa jipya. Shemeji amelituma kutoka Nairobi. Jipya kabisa, lakini limetengenezwa lifanane na la zamani: rangi ya krimu iliyofifia, kingo zimekwanguliwa huko huko kiwandani. Ouma anasema ni kama yale ya kwenye picha za wazee wa muziki wa benga. Nimelipenda pia. Sauti nyembamba, tamu, inakata. Otieno hataki hata kuliangalia. "Kitu kizee kiwe kizee. Hiki kimepakwa uzee kama poda."
Lakini amelipiga. Mdogo wake aliyelituma atauliza.

Jumatano, 5 Machi
Anakosea. Otieno hakosei. Tangu anioe sijawahi kumsubiri kwenye wimbo. Leo nimemsubiri mara nyingi. Eti shingo ya gitaa ni nyembamba mno. Eti nyuzi ziko juu. Ouma amezishusha. Bado. Otieno amemfokea mbele ya mwimbaji wetu. Nimeona aibu.
Jumamosi tuna harusi Homa Bay.

Alhamisi, 6 Machi
Otieno alipoenda kuoga nililichukua lile gitaa. Nikapiga solo yake, ile ya kufungulia. Vidole vinateleza vizuri. Gitaa halina shida yoyote. Nikalirudisha pale pale.
Mchana ameangusha kikombe. Mkono wa kushoto. Akasema kilikuwa na sabuni. Hakikuwa na sabuni.
Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezini nimemwambia twende hospitali. Amekataa. "Nyinyi mmependa rangi tu, sasa mnanitafutia ugonjwa." Kwa hasira akachukua gitaa lake la siku zote, atuonyeshe. Makosa yale yale. Ouma akaangalia chini. Otieno akaliweka chini polepole. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 8 Machi
Harusi. Watu wengi, vumbi jekundu, maharusi wako katikati wanacheza. Wimbo wa pili vidole vya Otieno vikakwama. Kabisa. Ouma akazungusha besi peke yake. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakazidi kucheza. Otieno akasogea kwangu.
"Nyar Uriri." Binti wa Uriri, kwetu. Huniita hivyo tukiwa wawili tu. "Shika hili. Mkono hausikii."
Akavua mkanda wa lile gitaa jipya akanivisha mbele ya watu wote. Akachukua manyanga, akatikisa kwa mkono wa kulia. Nikapiga solo. Mama wa bwana harusi akapiga vigelegele, wengine wakamfuata.
Nilipiga vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali. Foleni ndefu. Daktari anasema kuna neva imebanwa. Huenda mkono ukarudi, huenda usirudi wote. Amempa mazoezi ya kufanya. Otieno amesikiliza kama mwanafunzi, hakubisha hata kidogo. Tukitoka getini akasema, "Lile gitaa si baya."
Nikatangulia kuita bodaboda. Ningelia.

Jumanne, 11 Machi
Mvua tangu alfajiri. Otieno ametoka chumbani shati likiwa wazi, akasimama mbele yangu. Hakuomba. Nimemfunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini. Halafu tukanywa chai.