Natia Chumvi Makusudi Nisifaulu

Bi Mshauri, shikamoo. Nisikilize mwenzio unisaidie, maana nimejiuliza mpaka kichwa chauma na sijui niliyonayo ni akili au ni wazimu. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Pate, mume wangu aliniacha hapa Malindi, nikaenda kwa kaka yangu, mkewe akanichoka, nikatoka na kitita changu cha nguo nikawa nalala kwenye baraza ya duka karibu na soko, miezi saba, mpaka Mwalimu Jedida akanichukua kwenye kituo chake ambapo wanawake tusio na makao twalala na kufundishwa upishi wa hotelini, na anayefaulu mtihani hupewa kazi, lakini kitanda humwachia mwingine. Sasa Bi Mshauri, kupika najua tangu utotoni, wala sijisifu, lakini siku ya mtihani nikiikumbuka baraza ile, mvua yake na walevi wake, mkono hujiendea wenyewe ukachota chumvi konzi nzima ukatia kwenye pilau, nikaanguka mara ya kwanza na mara ya pili, na yule mpishi wa hoteli anayekuja kuonja, Bwana Musyoka, alitema akasema, "Na mimi niliambiwa watu wa visiwani ndio wapishi!" Wallahi nililia, maana nimemtukanisha hata mama yangu kaburini. Mwalimu Jedida akaniita kando, "Hafidha, mimi nala chakula chako kila siku. Huu si mkono wako. Una nini?" Nikamwambia sina kitu. Alhamisi ni mtihani wa tatu na wa mwisho, nikianguka natolewa, nikifaulu pia natoka, basi nitie chumvi au nisitie? Mwenzangu Adhiambo alifaulu zamani, amepanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, kila siku aniambia njoo tukae wote, nami namwambia nitakuja, kisha siendi, na sijui naogopa nini.

Hafidha, Malindi

Marahaba, Hafidha. Umenichekesha, kisha ukaniudhi. Mtu mzima wewe, waharibu mchele na nyama ya watu makusudi, halafu waniuliza mimi utie chumvi au usitie! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Pole kwa yaliyokufika. Miezi saba barazani si mchezo, na kuogopa kurudi huko si wazimu. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa kusema "sina kitu" mbele ya mtu aliyekuuliza una nini. Mficha uchi hazai, bibi. Hujamwambia Mwalimu, hujamuuliza lolote, umejihukumu peke yako jikoni. Na hicho kitanda unachokishikilia, je? Yuko mwanamke mwingine leo hii, na kitita chake, angoja wewe uondoke ndipo apate pa kuweka ubavu. Umemfikiria huyo?

Haya, fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla moto haujawashwa, mwendee Mwalimu umwambie yote, na habari ya chumvi usiiruke. Muombe, ukifaulu, akuache ulale hapo mpaka upate mshahara wa kwanza. Akikataa, hujapoteza kitu. Jioni yake nenda Kisumu Ndogo, usiseme tena "nitakuja". Nenda, uone mkeka wako utakaa wapi, mpatane na Adhiambo nani atafanya nini. Siku ya mtihani ipime chumvi mapema, itie kwenye kijiko kiasi chake, mkebe wa chumvi umpe Mwalimu aushike yeye, ili hata mkono ukikimbia usiwe na pa kukimbilia.

Wasema hujui waogopa nini. Mimi najua. Umetolewa nyumba mbili, moja ya mume, moja ya kaka, na umeamini kwamba kila mlango utakutapika. Lakini wewe hujawahi kukaa chumba ulichokilipia kwa jasho lako. Kijaribu, mwanangu. Chumba hicho wifi yako hana ufunguo wake.