Stendi ya Miguu Miwili

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya changu. Najua ulituma ujumbe kuuliza stendi ikoje, ukatuma mwingine kuuliza kama nimekuwa bubu, na wa tatu ukatuma alama ya kuuliza tu. Yote nimeyaona. Muda sina, hilo ni kweli, lakini si muda ulionizuia. Nilikuwa nasubiri hasira ipoe, maana haya si ya kusema kwenye simu huku mtoto anavuta waya.

Natumaini u mzima, na wifi naye, na wale watundu wenu. Mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi tu wazima. Mpwa wako ameota meno ya chini na anayajaribia kwa mama yake. Usingizi nausikia kwa watu tu. Hapa nakuandikia mezani jikoni, yeye yuko mapajani anagonga meza kwa kijiko, na ukitaka kujua, anagonga kwa mpangilio.

Sasa stendi. Uliuliza ikoje, basi nikueleze kwa utaratibu. Unakumbuka seti yangu ya ngoma za umeme ilikuja na haihati ya kudanganyia: badala ya matoazi mawili yanayopigana mguu ukikanyaga, kuna kisahani kimoja cha mpira kilichobanwa kwenye chuma, hakipandi wala hakishuki, na pedali ndogo imelala pembeni. Unakanyaga, sauti inabadilika masikioni, lakini mguu hauambiwi kitu. Kwa mazoezi ya nyumbani ilitosha. Nilipojifungua, shemeji yako aliniambia nipumzike, kiti changu cha ngoma kwenye kundi letu la muziki kipo, hakuna wa kukigusa. Twiga, yule fundi mitambo wetu mwenye miguu isiyoisha, angenishikia kwa muda. Twiga nilimfundisha mimi kuhesabu mapigo, wakati wa kujaribu spika, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Baadaye shemeji yako akaja na habari kwamba hoteli tunayopiga wikiendi imechoka na kelele, wageni hawasikilizani, kwa hiyo kundi litatumia seti yangu ya umeme. Ila inahitaji stendi ya kweli, ambayo sahani yake inapanda na kushuka. Akasema nichague mimi, kwa kuwa mimi ndiye mguu wa kundi. Kaka, nilifurahi kama msichana aliyeposwa upya. Lakini akaweka sharti, iwe ya miguu miwili. Nikamwambia ya mitatu inasimama imara zaidi, na mimi ngoma kubwa naipiga kwa pedali moja, huo mguu wa tatu haunibughudhi. Akasema iwepo nafasi. Nafasi ya nini? Nafasi tu, mke wangu. Ndipo nikakupigia wewe, nawe ukaniambia hayohayo: chukua ya miguu miwili, inazunguka, haikai njiani. Wanaume wawili ninaowaamini wakisema neno moja, mimi ni nani nibishe?

Dukani nilienda na shemeji yako, mtoto mgongoni. Muuzaji, mzee mcheshi mwenye kalamu sikioni, alimgeukia shemeji yako akamuuliza bosi anapenda ipi. Nikasema mpigaji ni mimi. Akachungulia mgongoni kwangu, akauliza, na huyu je, ndiye wa besi? Tukacheka sote. Nikamlaza mtoto juu ya boksi pana, nikavua kiatu, nikaanza kuzijaribu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ukikanyaga inakukimbia. Ya pili ilipendeza macho, lakini springi yake ililia kama mlango wa choo, mtoto akaamka na kupiga mayowe. Tukambembeleza akalala tena. Ya tatu nikaikanyaga polepole, nikaikanyaga haraka, nikaifungua nusu, nikaifunga. Sahani ikapanda na kushuka kimyakimya, na mtoto akaendelea kukoroma. Muuzaji akasema basi, mteja ameshaamua. Tukachukua hiyo.

Nyumbani niliifunga mwenyewe. Kimo changu unakijua, ni kilekile cha mama: sahani usawa wa mbavu, kiti chini, springi laini. Nikapiga, Kaka, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue mwili ukawa wangu.

Halafu mambo yakaanza. Kila nikirudi kutoka kliniki au kwa mama mkwe, nakuta sahani imepanda na springi imekazwa mpaka mguu unauma. Nikamuuliza shemeji yako. Akasema mtoto anachezea. Mtoto yupi, huyu asiyejua hata kukaa, na ambaye nilikuwa naye mgongoni? Akasema basi itakuwa skrubu mbovu. Nami kwa mapenzi nikaiamini skrubu. Nikaikaza kwa koleo, ikapanda. Nikaizungushia kitambaa, ikapanda. Mwisho nikaifungua yote, nikaitia kwenye mfuko, nikambeba mtoto, nikairudisha dukani kwa hasira.

Nikamwambia yule mzee kwamba stendi yake haishiki, inapanda. Akauliza, inapanda? Nikasema ndiyo, naiacha chini naikuta juu. Nikajisikia mwenyewe nikilitamka hilo neno. Skrubu ikilegea, Kaka, kitu kinashuka. Tangu lini uzito ukapanda wenyewe? Mimi niliyekulia kwenye stendi zako nilikuwa nimekubali kwamba chuma kinaota kama mchicha. Mzee hakufanya mzaha. Aliitoa kalamu sikioni, akairudisha, akanifungulia mlango nipite na mizigo yangu.

Kwenye ngazi za kwetu nikamkuta muuguzi anayekaa chini yetu, yule wa zamu za usiku ambaye mchana ndio usiku wake. Macho mekundu, anapanda kuja kunigombeza, kwamba siku hizi nimeanza kupiga kwa miguu miwili na dari yake inakwenda mbio kama farasi. Aliponiona na mtoto na mfuko akasimama. Akaniuliza, jirani, kama wewe uko hapa, nani yuko juu?

Nikafungua mlango taratibu. Unazijua ngoma za umeme. Aliyevaa hedifoni anasikia uwanja mzima, aliyesimama mlangoni anasikia vijiti vikigonga mpira tu. Twiga alikuwa kwenye kiti changu, kimepandishwa hadi mwisho, macho kafumba. Miguuni alikuwa na pedali mbili za ngoma kubwa, moja imekaa palepale palipotakiwa nafasi. Shemeji yako alikuwa kwenye kinanda, naye masikio kayaziba kwa hedifoni. Nilisikiliza ule mgongano mkavu nikautambua: wimbo wetu wa kufungulia, mapigo niliyoyatunga nikiwa na tumbo ambalo vijiti vilikuwa vinaligonga. Mtoto akalia. Hawakusikia. Mwanawe analia nyuma yake, na yeye anatikisa kichwa kwa raha.

Twiga alipofumbua macho aliruka kama aliyekalia moto. Akasema, dada, haki ya Mungu mimi niliambiwa umeachia mwenyewe, umechoka. Nilimwamini, midomo ilikuwa inamcheza. Shemeji yako akaanza kusema hotelini wameshapewa jina la Twiga, mama wa mtoto mchanga hawezi jukwaa, walikuwa wanatafuta siku nzuri ya kuniambia. Nikasema hukuniuliza. Ndipo akatoa neno lililonikalisha kwenye zulia na mtoto mkononi: hata wewe, Kaka, ulijua. Alikupigia mapema, ukasema ni busara. Tena wewe ndiye uliyemshauri stendi nichague mimi, nijione bado nimo, na wewe ungenisukumia ya miguu miwili.

Sikupiga simu kuuliza kama ni kweli. Nilirudia kusoma ujumbe wako. Umeuliza stendi ikoje. Hujauliza hata mara moja mimi napigaje.

Shemeji yako nimemjua ukubwani. Wewe nimekujua tangu ulipotoboa mifuniko ya sufuria ya mama kwa msumari, ukaivika kwenye mpini wa ufagio, ukaniambia mguu wa kushoto ndio unaoweka nyumba sawa. Ulichapwa kwa ajili ya ile mifuniko na hukunitaja. Uliweza kuchapwa kwa ajili yangu, ukashindwa kuniuliza kama nimechoka. Nimechoka, ndiyo. Sijasema nimeacha.

Stendi nimempa Twiga. Ilichaguliwa kwa miguu yake, aende nayo. Seti ni yangu na nimeifungia. Nimewaambia kundi lote kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakaa mmoja mmoja mbele yao, Twiga na mimi, na atakayepewa kiti apewe kwa kusikilizwa. Wamekubali. Shemeji yako analala sebuleni, chakula nampa, maneno bado.

Wewe sijakukataa, na mtoto nitamfundisha kukuita mjomba. Msalimie sana wifi, mwambie hana kosa, na watoto wabusu wote.

Mdogo wako.

Nitumie haya kabla ya hiyo Jumamosi: ile stendi yako ya zamani ya miguu mitatu, nzito, uliyonifundishia, kibano chake cha kushikia sahani ya juu, kiko kwenye kopo la misumari, vile vitambaa vyake vya sufu, hata kama vimeliwa, ufunguo wa kukazia, soksi za mtoto. Ushauri usitie. Na skrubu zote ziache zimelegea, nitazikaza mwenyewe kwa kimo changu.