Uvimbe Tuliouchana

Dada yangu Somoe,

Salamu zikufikie hapo kaburini ulipolazwa, nyuma ya msikiti. Sisi Palma tupo, tunapumua.

Unakumbuka ulipokuwa ukimnyonyesha Halima, ukanionyesha uvimbe mgumu kwenye ziwa la kushoto? Mama akasema ni maziwa yameganda, na dawa yake sote tuliijua: mafuta ya nazi ya vuguvugu na chanuo la mti. Kila asubuhi nilikuchana kutoka kifuani kushuka kwenye chuchu, nawe ukinicheka ninavyotoa ulimi nje kama fundi cherehani. "Chana tu, mdogo wangu, yatashuka." Hayakushuka. Halima akaacha ziwa, uvimbe ukabaki, ukaniambia, "Usimwambie mtu. Ziwa nimwonyeshe nani?" Nikanyamaza. Tulipokufikisha hospitali ya mji wa Pemba, dotora, daktari wa pale, alitazama mara moja tu, akauliza mbona tumechelewa. Hata mfungo wa mwaka ule hukuuwahi.

Mwaka huu nilirudi Pemba peke yangu. Dotora akanieleza kwamba zipo familia zinazorithishana hitilafu fulani, na kwenye damu huonekana. Si ugonjwa, alisema, ni alama: mwenye nayo yuko hatarini zaidi kupata uvimbe kama wako, basi achunguzwe mapema, kabla mkono haujagusa kitu. Damu yangu ikapelekwa mbali, majibu yakachukua miezi. Ninayo, Dada. Matiti yangu bado mazima, lakini naogopa, na kwako sioni haya kusema.

Shida ni Halima. Posa yake imeshajibiwa, na shangazi wa bwana arusi ana mdomo. Akisikia habari za damu, mtaa mzima utajua. Mama akanishika mkono. "Acha kwanza aolewe, mwanangu. Hayo yapo tu." Nikakubali, Mungu anisamehe. Siku nne nilimpaka usoni msiro mweupe wa urembo huku tukitaniana, na moyoni najua ninamficha.

Leo asubuhi nimeshindwa. Nilimketisha mkekani nikamweleza yote. Huenda anayo, huenda hana, ila safari hii tunaweza kujua mapema. Aliuliza kama uchumba utavunjika. Nikasema sijui. Kisha akauliza, "Mama mdogo, mama alikaa na ule uvimbe muda gani kabla hamjampeleka?"

"Miaka miwili."

Alikuwa ameniegemea begani. Akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa ua.

Ijumaa tunapanda chapa, basi dogo la abiria, kwenda Pemba, yeye na mimi, na sijui kama atanisemesha njiani. Nisamehe, Somoe. Nimeanza na wewe kwa sababu yeye bado sijathubutu kumwomba.

Mdogo wako