Feni ya Samaki

Jumamosi, Oktoba

Mama mkwe kaenda kulala, na feni imerudi kwa samaki. Samaki wawili wa baharini, wamekuja Mpanda kwa basi kutoka Dar, wanakaa sebuleni kwenye tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Maji yakipata joto watakufa, anasema Baba Neema, kwa hiyo feni yetu moja ni yao. Friji nayo imejaa chupa zao za barafu. Nyama yangu iko kwa jirani.

Leo mama yake kafika kutoka Karema, jasho linamtiririka. Akaigeuza feni upande wake, akakaa. Mume wangu akatazama kipimajoto, akamtazama mama yake.

"Karema samaki tunawaanika," mama akasema. "Nyie mnawapepea?"

Baba Neema akainuka. Alichukua ungo wangu ukutani, akasimama kulipepea tangi. Mkono ukichoka, anabadilisha.

Naogopa. Wakifa, atasema ni mimi.

Mimba ya Neema niliibeba kwenye joto la Oktoba kama hili. Ungo ulikuwepo, palepale ukutani.