Boti Mbili na Jino Lisilouma

Jumatatu, 9 Februari 2026

Leo nimekwenda kuiona tena boti ya Muhidini, ile anayoiuza. Iko palepale mwaloni, wavuvi wanapoegesha, imefunikwa turubai, kuku wamejilalia juu. Ni boti ya jeti – haina propela nje. Inanyonya maji tumboni na kuyatema nyuma, ndiyo mwendo wake. Nyavu za watu haziinasi. Ina miaka kumi na minne. Bodi ya aluminiamu, imebonyea upande wa kulia. Nikaigonga kwa kidole kama nilivyokuwa nagonga mwamba kule machimboni Rwamgasa, miaka ishirini na sita. Ikaitika vizuri. Nikaigonga tena.

Basi nikanuna. Nikamwambia Muhidini, hili si sufuria tu hili? Akacheka. Anajua nimetoka wapi. Mchimbaji akikuta mwamba mzuri hashangilii. Anaufunika kwa kifusi, anapanda juu na uso wa msibani, anasema hakuna kitu. Ukisema unacho, kesho shimo lako lina watu mia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na namna nyingine siijui.

Kuna nyingine iko Mwanza, modeli ya mwaka juzi. Nitakwenda kuiona Jumamosi. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Chumbani kuna mimi, kitanda, redio na hili daftari.

Nikiulizwa nitasema ni ya kukodisha kwa abiria. Sababu yenyewe ni Vumilia, binti yangu, hana ndugu mwingine. Kaolewa kisiwani. Mtumbwi wa injini unachukua saa tano, na hauondoki mpaka ujae. Boti ya jeti, saa moja na nusu. Huko nina mjukuu wa miaka minne, nimemwona mara moja tu. Anaitwa Bernadina, jina la marehemu mke wangu. Kulitamka bado ni kazi.

Jumatano, 11 Februari

Vumilia amepiga! Miezi miwili ilikuwa imepita.

Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Ana ujauzito wa miezi saba. Nesi wa kisiwani kamwambia safari hii asijifungulie pale, avuke aje nchi kavu penye hospitali kubwa. Akaanza kuuliza kwa kuzungukazunguka – hapo kwako pakoje baba, panatosha, unaishije?

Nilikuwa na kila kitu cha kumwambia. Kwamba nimeshaulizia nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Kwamba nitakuja mwenyewe kumchukua, na boti yangu, ashuke huku hata kanga haijalowa. Mdomo ukasema, "Hapa hakuna kitu mwanangu. Tutaona."

Akasema, "Haya baba."

Sikuficha kwa ubaya. Mzigo bado uko shimoni. Ukitoka atauona kwa macho yake.

Alhamisi, 12 Februari

Zuhura, mama mwenye nyumba, kaniona napiga pasi shati. Akauliza safari ya wapi. Nikasema Mwanza. Kuna nini Mwanza? Nikasema jino. Neno limetoka lenyewe tu, sikulipanga. Akanihurumia sana, akanipa karafuu nikaweke.

Sina jino linalouma. Niliyobaki nayo yote ni mazima.

Jumamosi, 14 Februari

Mwanza na kurudi. Basi lilisimama Buseresere nusu saa nzima, dereva anakula wali. Nikawaza ningekuwa na mtu pembeni tungemsema pamoja. Peke yako hasira haina utamu.

Hiyo boti mpya inauzwa na binti anaitwa Chiku, kavaa buti za mvua na ana kishikwambi mkononi. "Karibu mzee wangu." Nikasema napita tu. Akasema wapitaji huwa hawaji na shati lililopigwa pasi. Kaniweza.

Boti ni nzuri. Ni nzuri mpaka inaudhi. Nyeupe, viti laini vyenye mikanda, kioo kinachoonyesha kina cha maji na miamba iliyo chini. Injini ukiiwasha ni kama mtu anavuta pumzi usingizini. Tulizunguka ghuba dakika kumi. Kwa hii, saa moja tu ningekuwa kisiwani. Nilimwona Vumilia kwenye kile kiti cha nyuma, tumbo na mkanda wake, na mtoto katikati yetu. Nikawa nimelishika egemeo la kiti na sikuachia mpaka tulipofika.

Nikauliza ikiharibika? Chiku ni mkweli. Alisema ikiwaka taa nyekundu injini inagoma, mpaka aje mtu na kompyuta yake, na huyo mtu yuko Dar es Salaam. Lakini haiharibiki ovyo, mzee wangu.

Nikamwambia rangi nyeupe inachafuka upesi. Nikaondoka nimenuna.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani nimekaa benchi la nyuma. Amani iwe nanyi – nimempa mkono mtu mmoja tu, na alikuwa mgeni kama mimi.

Nimeshindwa kutoa kitu kichwani tangu jana. Naandika hapa kwa kuwa sijawahi kukisema popote.

Mwaka mmoja shimo letu lilitema dhahabu. Tulikuta mwamba hasa. Nilimpigia Bernadina nyumbani Shinyanga, akauliza mambo vipi, nikasema hakuna kitu, vumilia. Nilitaka nitokee siku moja na bati za nyumba juu ya lori, aone. Nilishaanza kumwona anavyoshika kiuno na kucheka. Miezi mitatu nilisema hakuna kitu. Naye miezi mitatu alikuwa na maumivu ya tumbo, na hakwenda hospitali kubwa, kwa kuwa mumewe hana kitu. Alimwambia Vumilia, "Sitaki kumsumbua baba yako."

Nilipotoka shimoni kwenda kumzika nilikuwa na dhahabu kwenye soksi. Vumilia aliiona wakati navua viatu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo ananiamkia vizuri, ananiheshimu, na ananipigia mara moja kwa miezi miwili.

Jumanne, 17 Februari

Fundi Mayala ameikagua ile ya zamani. Mtu wa Usukumani kama mimi, kwa hiyo kwanza salamu ya kwetu, mwangaluka, kisha habari za ng'ombe ambao hatuna wote wawili, ndipo tukafika kwenye boti.

Kuna kifuniko nyuma karibu na injini. Ukikifungua unaingiza mkono mpaka begani, unafika pale inaponyonya maji. Anasema hizi za jeti adui yao si nyavu, ni magugu maji. Yakinyonywa yanaziba koo, boti inabaki inaunguruma haiendi. Kwenye hii unayatoa kwa mkono, ulipo, bila kompyuta wala mtu wa Dar. Lakini feni ya ndani imelika na mchanga. "Itakufikisha mzee, ila itakuchelewesha."

Nikauliza angekuwa yeye angechukua ipi. Kanitazama. Akauliza itabeba nani. Nikasema abiria. Akasema abiria wa kawaida, mpya. Mtu wako, chukua ile unayoweza kuifungua.

Nikamwambia sina mtu. Jibu hilo nalo likatoka lenyewe.

Ijumaa, 20 Februari

Sijaamua. Asubuhi ni mpya, jioni ni ya zamani. Chiku ametuma picha ya viti. Muhidini amefunga, saumu imemfanya mpole, anasema chukua muda wako. Muda ndio ninaouogopa. Nahesabu miezi ya Vumilia kwa vidole.

Mchana Zuhura kagonga mlango, kaniletea uji laini wa mtama, umepoa vizuri, kwa ajili ya jino. Yeye amefunga, hajaonja hata kama sukari inatosha! Nikaunywa mbele yake taratibu, nikitafuna upande mmoja. Nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona nikiwa na dhahabu kwenye soksi.

Jumatatu, 23 Februari

Nimekaa kitandani na daftari tangu saa tisa alasiri, naanza upya kila mara.

Vumilia alipiga jana nikiwa mwaloni, simu nimeiacha chumbani. Akampigia Zuhura, namba yake anayo. Zuhura ni mwema, kasema yote anayoyajua. Kwamba mzee Pantaleo anaumwa jino wiki ya pili sasa, amekwenda Mwanza na kurudi hali ni ileile, kutafuna hawezi, ana chumba kimoja na haji mtu kumtazama. Ameniambia leo huku anafuta machozi – mzee, una binti mwenye huruma sana.

Nikampigia Vumilia. Anakwenda Musoma kwa wakwe zake. Magesa, mumewe, ameuza nyavu. Wanahama kabisa, na mtoto, na vyombo. Kesho saa sita kuna boti la mizigo linakwenda Mwanza, kisha basi. Nikasema mbona haraka, mbona hukusema ungekuja kwangu?

"Baba, sitaki kukusumbua. Wewe mwenyewe ulisema hapo hakuna kitu."

Maneno ya mama yake. Sauti ya mama yake! Sikusema nina boti mbili zinanisubiri niseme ndiyo. Nilisema, safari njema.

Baadaye nikaenda kwa Muhidini, karibu nikimbie. Mpya iko Mwanza, mpaka makaratasi yaishe ni wiki. Nikamwambia, hii boti naitaka. Nikamwambia ni nzuri, tangu siku ya kwanza niliiona ni nzuri. Kaniangalia kama nina homa. Akatoa ufunguo. Tutaandikishana ukirudi, kasema. Mayala amekubali kunipeleka kisiwani kukipambazuka, niwawahi.

Wiki mbili nazipima zile boti, na uamuzi umechukua muda wa kuvaa ndala.

Jumanne, 24 Februari. Ziwani.

Saa tano na robo asubuhi. Naandika boti ikiwa imesimama, daftari litanisamehe mwandiko.

Tulichelewa kuondoka, betri iligoma mpaka saa tatu. Kisha ikakubali. Ikakimbia, hii ya zamani, maji yanatupiga usoni, Mayala anaimba Kisukuma. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nimebeba mto wa kukalia Vumilia, na biskuti.

Sasa tumo kwenye magugu maji. Yamekuja na upepo, yamefunga mlango wote wa kisiwa. Tumenasa. Injini ilinguruma, ikapiga kelele, boti haiendi. Mayala amefungua kifuniko, mkono ndani mpaka begani, anatoa majani kwa mafungu. Akitoa, mengine yanaingia. Hakuna taa nyekundu, anasema, shukuru kwa hilo. Nusu saa, pengine zaidi.

Kisiwa nakiona. Nauona mwalo wao. Naliona boti la mizigo, la buluu, watu wanapandisha magodoro. Mmoja kabeba mtoto mwenye gauni la njano. Kwa mbali hivi siwezi kusema ni wangu. Nimesimama nikapunga shati. Kwao huku ni magugu tu na ndege weupe, nani ataangalia.

Simu imeita. Yeye.

Baba shikamoo. Tunapanda sasa hivi. Jino linaendeleaje? Nikasema afadhali. Akauliza, uko wapi, mbona nasikia upepo?

Nimesema, "Niko hapa nyumbani tu."

Haya baba, pumzika. Akakata.

Mayala ametoa kichwa, majani yamemning'inia sikioni. Ananitazama. Kasema mzee, yule ndiye mtu wako? Nikaitikia kwa kichwa. Kasema boti la mizigo husubiri mtu, wanasubirigi hata gunia la dagaa, mwambie tu uko hapa. Kisha akarudisha mkono shimoni, akaniacha.

Miaka ishirini na sita sijawahi kusema kitu kabla hakijafika juu. Sijui hata sentensi yake inaanzia wapi. Vumilia, niko hapa. Vumilia, ninacho. Jino haliumi. Niangalie kwenye majani, mwenye shati jeupe. Nimeiandika kwanza ili nisome tu, nisije nikasema kingine.

Moshi umeanza kutoka kwenye lile la buluu.

Nimempigia. Simu iko gotini, spika nimefungua. Inaita.