Usimwonyeshe Muuzaji Bili Yako ya Umeme

Mjukuu wangu Neema,

Tafadhali isome barua hii peke yako, kisha uichane. Hata mama yako asijue neno. Nimekuzidi miaka miwili tu, lakini kwa ukoo mimi ni babu yako. Nyumbani ni wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza kama umkubali muuzaji wa umeme anayekuja mlangoni kwako huko Amerika. Ni kweli, sheria ya kwenu inakuruhusu kuchagua wa kukuuzia. Nyaya ni zilezile, kinachobadilika ni mkataba. Bei nafuu anayoitaja huenda ikadumu miezi michache, kisha ikapanda. Najua, kwa sababu ofisi yetu hapa West Bay, huku Uarabuni, huwaandikisha wateja wa huko kwa simu.

Juma langu la kwanza kazini nilimpigia mama mmoja wa kwetu anayeishi huko. Aliposikia lafudhi yangu akacheka. "Kumbe ni mtoto wa nyumbani! Ngoja nilete bili nikusomee namba."

Namba ile ya akaunti inatosha kumhamishia mtu kwa muuzaji mwingine, hata kabla hajakubali. Nilitaka kumwambia asisome, lakini msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaiandika. Mama akanibariki.

Kwa hiyo huyo wa mlangoni usimkaribishe chai. Mwombe mkataba wa maandishi, utafute bei ya baadaye.

Usinipigie ofisini. Nipigie Ijumaa, siku tusiyokwenda kazini, kwa simu ya Mama Achieng', ninayeishi kwake. Akipokea mtu mwingine, ulizia habari za kanisa. Lakini kama bili umeshamwonyesha, usingoje Ijumaa.