Salamu kwa Longor

Lodwar, 4 Machi 2024

Dada Akal,

Ejok? Shemeji yuko salama? Watoto je, na hoteli yako hapo Kakuma, bado wateja wanagombania mandazi? Na Longor, maksai wangu, malisho ya Lopur yanamfaa? Mkune pale chini ya shingo umwambie ni salamu zangu. Kuhusu mimi, kaa chini kwanza ndipo usome.

Nimemaliza dozi. Zile dawa za moyo kupanda na kushuka, leo furaha ya kupita kiasi na kesho huzuni, nilizoanzishwa niliporudi kutoka jeshini, zimeisha zote. Kichupa nimekiosha, sasa natilia chumvi. Muuguzi aliniambia kwa mdomo wake nimeze mpaka ziishe, na zimeisha. Nimepona, dada! Silali sana na wala sichoki. Usiku napanga mambo. Naanzisha kampuni ya ulinzi, mimi na wanajeshi wenzangu waliostaafu, tulinde magari ya mizigo kutoka hapa hadi Kapedo. Wazo lilikuja nikichota maji, nikaacha ndoo pale pale bombani.

Simu nimempa jirani yangu Ebei, inanikatizia mawazo, ndiyo maana nakuandikia na kumpa dereva barua. Ebei anasema siku hizi naongea haraka mno. Yeye ndiye masikio yake mazito.

Waambie watu wote, na uchinje mbuzi.

Mdogo wako,
Aukot

Kakuma, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Aukot,

Ejok-noi. Sisi tuko sawa, joto tu ndilo linatumaliza. Wewe na Ebei mnaendeleaje na joto la huko kwenu?

Barua yako nimeisoma mikono ikiwa na unga, sasa haisomeki tena, lakini tayari naijua kwa moyo. Ule mwaka uliotaka kujiua nilidhani nitazeeka bila ndugu. Leo nimepiga vigelegele mpaka wauza makaa wakaja kuuliza nani ameolewa. Mbuzi tumechinja. Rafiki yangu Arek amecheza ngoma ya kwao ya Bor katikati ya hoteli, kikombe kimoja kimevunjika na sijali. Nina furaha, Aukot, nina furaha kweli.

Mteja mmoja ndiye amenikera. Anaitwa Onésphore, mzee Mkongo wa Kalobeyei, zamani alikuwa askari huko kwao. Kila asubuhi anameza kidonge chake na chai yangu. Nyama hakugusa. Aliuliza tu, "Ni nani alimwambia ile dawa inaishaka? Na usingizi, analalaka?" Nikamwambia asiniletee nuksi kwenye karamu yangu. Hata hivyo nijibu, unalala?

Longor amenenepa, na maringo ni yale yale yako.

Dada yako,
Akal

Lodwar, 2 Aprili 2024

Akal,

Kampuni haipo. Wenzangu wamenichoka, na mimi nimejichoka. Longor awe wa shemeji. Mwimbieni nyinyi. Usisumbuke kujibu.

Aukot

Kakuma, 19 Mei 2024

Mdogo wangu Aukot,

Ejok? Umeamkaje, umekula nini, na vile vidole vimeacha kutetemeka? Ebei amenipigia simu kwamba umeruhusiwa kutoka wodini na kwamba jana ulimbishia kuhusu mpira nusu saa nzima. Nimecheka peke yangu jikoni. Mtu anayebishana na Ebei amerudi nyumbani.

Sasa nikuambie ambayo sikuyasema siku ile. Barua yako fupi ilifika Onésphore akiwa mezani. Nilimsomea kwa sauti, na kabla sijamaliza akasema, "Hakukusalimia." Kweli, hukuuliza hata watoto. Halafu Longor. Nani kwetu anagawa maksai wake wa kuimbiwa angali anataka kuishi, tena kwa mistari miwili, kama anagawa sufuria?

Nilipiga namba yako nikijua simu anayo Ebei. Nikamwambia, nenda ukae naye, usimwache hata akikutukana, na ile bunduki aliyopewa Aukot ya polisi wa akiba ipeleke kituoni sasa hivi. Alifanya yote mawili. Mimi niliacha maharagwe motoni nikatafuta gari.

Njiani niliogopa kukuuliza waziwazi, nikidhani neno lenyewe litakusukuma. Onésphore ndiye aliyenituliza kwa simu. "Neno haliue mutu. Muulize." Ndiyo maana nilipoingia sikukupa hotuba. Nilikuuliza kama unataka kujiua, ukasema ndiyo, na wote wawili tukalia, na Ebei naye akalia huku akisema ni moshi. Kisha tukaenda hospitali.

Na yule muuguzi usimlaumu. Alisema meza mpaka ziishe, halafu uje uchukue nyingine. Wewe uliondoka na nusu ya maneno, na mimi nikaichinjia mbuzi ile nusu. Tulidhani ni kama dawa ya malaria.

Onésphore ameniomba nikuandikie hivi. Askari akikesha na adui asije, hasemi vita vimeisha. Anampisha mwenzake, na kesho anarudi lindoni. Kidonge chake anakiita lindo.

Niandikie, tafadhali. Hata ukinitukana.

Dada yako,
Akal

Lodwar, 2 Juni 2024

Dada Akal,

Ejok, ejok-noi. Shemeji hajambo? Kifua cha mtoto wa mwisho kimepoa? Arek amelipa kikombe cha watu? Wauza makaa hawajambo? Maharagwe uliyoyaacha motoni, nani aliyala? Na huyo mzee wa Kalobeyei mpe mkono wangu, mikono miwili.

Lindo nimelielewa haraka kuliko yote niliyowahi kuambiwa kliniki. Siku nyingine naamka mzito mpaka kuvaa viatu ni kazi, lakini nameza, nakunywa maji mengi kama walivyoniagiza, na kupima damu nakwenda bila kusukumwa. Dawa anazitunza Ebei, ananipa za siku kwa siku, na anajifanya sajini. Nampigia saluti ili afurahi. Nikianza tena kuongea haraka, ana ruhusa ya kukupigia. Nikinyamaza, pia.

Bunduki ibaki kituoni. Sijaenda kuiuliza na sina haja nayo.

Jana usiku nililala mpaka jogoo wa Ebei akachoka. Nilipoamka nilijikuta naimba, dada, taratibu tu, ule wimbo wa pembe za Longor. Nikafika ubeti wa pili nikakasirika ghafla. Shemeji anamwimbia nini? Hajui hata alizaliwa msimu gani. Sauti yenyewe ya kukwaruza, atamfukuza malishoni.

Kwa hiyo mwambie ile barua yangu ya Aprili sikuiandika mimi mzima. Naja Lopur na Ebei Jumamosi baada ya kliniki. Namtaka maksai wangu.

Mdogo wako aliye lindoni,
Aukot